Flavonoidi za mimea na inflamesheni ndani ya mishipa ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitunguu, chai, choya, chungwa, kakao: kila kimoja kimewahi kutangazwa kuwa kinasafisha mishipa ya damu. Nyuma ya matangazo hayo ipo sayansi ya kweli, na inavutia kuliko matangazo yenyewe. Majibu yafuatayo yanaeleza flavonoidi zinafanya nini kwenye seli zilizotandazwa ndani ya mishipa, na ushahidi unakomea wapi. Mwenye haraka anaweza kuruka hadi kwenye maswali ya vyakula na dawa, ila lile swali la kiasi kinachofika kwenye damu ningependa kila mtu alisome.

Flavonoidi ni nini hasa?

Ni kundi kubwa la kemikali ambazo mimea hujitengenezea yenyewe. Zimeshatambuliwa zaidi ya 6,000, na zote zina umbo moja la msingi: atomu 15 za kaboni, yaani pete mbili zenye kaboni sita kila moja, zikiunganishwa na kaboni tatu. Mmea huzitumia kujikinga na mionzi ya urujuanimno, kuzuia wadudu na kuvu, na kuyapa maua rangi inayowavutia nyuki. Mimea ya jamii ya kunde huzitoa mizizini ili kuwaita bakteria wanaoipatia naitrojeni.

Mlaji wa kawaida hukutana nazo bila kujua. Kwersetini imo kwenye vitunguu vyekundu, tufaha na majani ya mlonge. Apijenini imo kwenye selari na maua ya kamomili. Machungwa yana hesperidini, chai na kakao zina katekini, soya ina isoflavoni. Rangi ya choya, ya zambarau na ya ganda la bilinganya ni anthosiani, nazo ni flavonoidi pia. Mtama mwekundu una aina yake ya rangi ambayo ni adimu kwenye vyakula vingine.

Manjano, tangawizi na karafuu je?

Sifa za viungo hivyo hazitokani na flavonoidi. Kinachosifiwa kwenye manjano ni kurkumini, kwenye tangawizi ni jinjeroli, kwenye karafuu ni eujenoli. Resveratroli ya zabibu nayo ni ya kundi jingine. Zote zimechunguzwa kwenye seli za mishipa, lakini matokeo ya moja hayathibitishi kitu kuhusu nyingine.

Seli za mishipa ya damu zina kazi gani zaidi ya kuwa bomba?

Kila mshipa, kuanzia ateri kuu inayotoka moyoni hadi kapilari ya mwisho kidoleni, umetandazwa ndani kwa tabaka moja tu la seli ziitwazo endothelia. Kwa muda mrefu zilichukuliwa kuwa ngozi tu ya ndani. Mwaka 1980 Robert Furchgott na mwenzake John Zawadzki, nchini Marekani, walionyesha kwamba ateri ya sungura ikikwanguliwa tabaka hilo haitanuki tena inapopewa kemikali iitwayo asetilikolini. Tabaka likiwepo, inatanuka. Maana yake seli hizo hutoa kitu kinachoamuru misuli ya mshipa ilegee. Baadaye ilibainika kuwa kitu hicho ni gesi ya nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo seli za endothelia ndizo zinazoamua mshipa utanuke au usinyae, damu igande au iteleze, na seli nyeupe zipite zake au zisimame. Presha, kisukari, kiharusi na shambulio la moyo vyote vinapita kwenye mlango wao.

Inflamesheni ndani ya mshipa inatokeaje? Mbona sioni uvimbe wala wekundu?

Ukichomwa na mwiba unaona wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Ndani ya mshipa mambo hayo hayo ya kikemia hutokea kimya kimya, kwa miaka. Moshi wa sigara, sukari iliyozidi, kolesteroli iliyoharibika, presha, na hata mtiririko wa damu unaokwenda vururu kwenye matawi ya ateri huichokoza seli ya endothelia. Mjumbe anayejulikana zaidi ni protini iitwayo TNF-alfa, inayotolewa na seli za kinga.

TNF-alfa ikishika seli, ndani yake huamshwa protini iitwayo NF-κB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Kwa kawaida NF-κB hukaa imefungiwa na protini nyingine. Ishara ikifika, kimeng'enya kiitwacho IKK hukiwekea kile kifungio alama, kifungio kinavunjwavunjwa, na NF-κB inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa mpigo. Baadhi ya jeni hizo hutengeneza vinasio juu ya uso wa seli: E-selektini, ICAM-1 na VCAM-1. Seli nyeupe zilizokuwa zikipita hunaswa, hujipenyeza chini ya tabaka, hubugia kolesteroli na kubaki humo. Hivyo ndivyo utando wa mafuta unavyoanza kujengeka ukutani mwa ateri.

Hilo si nadharia tu. Jaribio la CANTOS, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo ama dawa inayozima mjumbe mmoja tu wa inflamesheni, interlukini-1 beta, ama sindano isiyo na dawa. Kolesteroli haikuguswa, lakini kwa dozi ya miligramu 150 mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Lakini maambukizi yenye kuua yaliongezeka kidogo, kwa sababu mfumo unaozimwa ndio huo huo unaotulinda.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kujua kuhusu ICAM-1. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria ya falsipari hukishika kinasio hicho hicho, na kunasa huko kwenye mishipa ya ubongo ni sehemu ya malaria kali. Mwaka 1997 watafiti walieleza aina ya jeni ya ICAM-1 iliyoonekana kwa wingi Kilifi, Pwani ya Kenya, nayo ikaitwa ICAM-1 Kilifi. Walidhani inaongeza hatari ya malaria ya ubongo. Tafiti za Gambia na Gabon hazikuafikiana nao. Tafadhali usichukue aya hii kuwa inasema mimea yenye flavonoidi inatibu malaria. Nimeileta kwa sababu inaonyesha kuwa mishipa ya watu wa hapa ni sehemu ya sayansi hii.

Flavonoidi zinaizuiaje?

Mwaka 1995 Mary Gerritsen na wenzake walichapisha utafiti ambao bado unasomwa. Walichukua seli za endothelia za binadamu, wakazichokoza kwa saitokaini, yaani wajumbe wa inflamesheni kama TNF-alfa, huku baadhi zikiwa zimetiwa flavonoidi za aina mbalimbali. Baadhi ya flavonoidi zilizuia seli zisitoe vinasio, na apijenini ilikuwa na nguvu kuliko nyingi. Seli nyeupe zilizomwagwa juu yake zilinata kwa uchache.

Tangu hapo matokeo ya namna hiyo yamejirudia kwa luteolini, kwersetini, katekini za chai na nyingine nyingi. Njia zinazotajwa ni tatu hivi. Baadhi huizuia IKK, hivyo NF-κB inabaki imefungiwa. Baadhi huiamsha protini nyingine, Nrf2, inayoiagiza seli itengeneze vimeng'enya vyake vya kujilinda. Na nyingine, hasa epikatekini ya kakao, huongeza nitriki oksaidi, ambayo yenyewe huutuliza mshipa. Umbo lina maana kubwa: ukiongeza au kuhamisha kundi moja la haidroksili kwenye pete, nguvu inaweza kupotea kabisa. Ndiyo maana kusema "flavonoidi zinafanya hivi" bila kutaja ipi ni kusema nusu ya habari.

Seli hizo za majaribio zinatoka wapi?

Nyingi zinatoka kwenye vena ya kamba ya kitovu, baada ya mtoto kuzaliwa na mama kuridhia. Kamba ingetupwa, badala yake vena yake husafishwa, hutiwa kimeng'enya kinachozibandua seli, nazo zinakuzwa kwenye sahani. Eric Jaffe na wenzake walieleza njia hiyo mwaka 1973, na seli hizo hujulikana kwa kifupi HUVEC. Ni seli nzuri, ila ni za mtoto mchanga, ni za vena badala ya ateri, na zimekaa kwenye sahani isiyo na mtiririko wa damu.

Kama flavonoidi inafanya kazi kwenye sahani, kwa nini isifanye kazi mwilini?

Hili ndilo swali kubwa, na matangazo mengi hulipita bila kuligusa.

Kwenye sahani mtafiti humwaga kwersetini tupu, mara nyingi maikromoli 10 hadi 50 kwa lita, moja kwa moja juu ya seli. Sasa fuata kwersetini ya kitunguu ulichokula. Kwanza haiko tupu. Imefungwa na sukari. Ukuta wa utumbo mwembamba huivua sukari hiyo na kuinyonya. Palepale, kwenye ukuta wa utumbo na kisha kwenye ini, vimeng'enya vinaibandika vipande vya kemikali viitwavyo glukuronidi, salfeti au methili. Inayoingia kwenye damu ni molekuli nyingine, na hata ukizijumlisha zote pamoja, baada ya mlo wa vitunguu kiasi mara nyingi huwa chini ya maikromoli 1 kwa lita. Kwa hiyo jaribio la sahani limetumia kitu ambacho mshipa wako karibu haukioni, kwa kiasi ambacho hauwezi kukipata kwa chakula.

Aina ya sukari nayo ina uzito wake. Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake, Uholanzi, waliwapima watu waliokwisha kuondolewa utumbo mpana na kukuta kwamba kwersetini ya vitunguu ilinyonywa kwa asilimia 52, ilhali rutini, yaani kwersetini hiyo hiyo iliyofungwa na sukari mbili, asilimia 17 tu. Hesperidini ya machungwa husubiri hadi utumbo mpana, bakteria wavunje sukari yake, ndiyo maana huonekana kwenye damu saa kadhaa baada ya kunywa juisi. Bakteria hao pia huzikatakata katekini kuwa vipande vidogo vinavyonyonywa kwa wingi kuliko katekini zenyewe. Watu hawana bakteria sawa, hivyo watu wawili wakila sahani moja, damu zao hazifanani.

Je, basi yote ni bure? Hapana. Watafiti walipozijaribu zile molekuli zilizobadilishwa, kwa viwango vya kweli vya damu, baadhi bado zilipunguza vinasio kwenye HUVEC, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko kwersetini tupu. Na mwaka 2008 kundi la Japani lilionyesha kwersetini-glukuronidi ikiwa imejikusanya ndani ya makrofaji, zile seli nyeupe zinazobugia kolesteroli, kwenye ateri za binadamu zilizougua, mahali ambapo seli hizo zinaweza kuivua glukuronidi na kuirudisha katika hali yake ya kwanza. Yaani huenda dawa hujifungua pale pale penye moto. Naona hilo ni mojawapo ya mambo yenye matumaini zaidi katika eneo hili.

Tumezoea kuambiwa flavonoidi ni antioksidanti. Mbona hamlitaji?

Kwa sababu maelezo hayo yamepitwa na wakati. Kwenye chupa ya maabara ni kweli zinadaka chembe huru, yaani molekuli chokozi zinazoharibu seli. Lakini damu yako tayari ina maikromoli mamia ya asidi ya yuriki na makumi ya vitamini C kwa lita. Flavonoidi iliyo chini ya 1 inaongeza nini hapo? Mwaka 2004 Silvina Lotito na Balz Frei walionyesha kwamba ule uwezo wa antioksidanti uliopanda kwenye damu ya watu waliokula tufaha ulitokana na sukari ya tunda kupandisha asidi ya yuriki. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake jedwali la ORAC, lililokuwa likipanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, ikieleza kuwa namba hizo zinatumiwa vibaya kuuza bidhaa. Ukikuta pakiti bado inajivunia ORAC, irudishe kwenye rafu.

Kinachoaminika sasa ni kwamba flavonoidi huigusa mitambo ya kuashiria ndani ya seli, kama nilivyoeleza juu kuhusu IKK, Nrf2 na nitriki oksaidi.

Ni kweli ziliwahi kuitwa vitamini?

Ndiyo. Mwaka 1936, Hungaria, István Rusznyák na Albert Szent-Györgyi waliripoti kwamba wagonjwa ambao kapilari zao zilivuja damu walisaidiwa na kitu kilichotoka kwenye limau na paprika, si vitamini C tupu. Wakakiita vitamini P. Miaka ya 1950 jina hilo liliachwa, maana hakuna aliyeweza kuonyesha ugonjwa unaoletwa na kukosa flavonoidi. Wazo lenyewe, kwamba zinagusa ukuta wa mshipa, halikufa.

Kuna ushahidi gani kwa watu wenyewe?

Mwaka 1993 Michael Hertog na wenzake walichapisha habari za wanaume 805 wa mji wa Zutphen, Uholanzi, wenye miaka 65 hadi 84. Waliokula flavonoidi nyingi walikufa kwa uchache zaidi kwa magonjwa ya moyo. Wastani wa flavonoidi zilizopimwa ulikuwa takribani miligramu 26 kwa siku, na zaidi ya nusu zilitoka kwenye chai. Mwaka 2019 Nicola Bondonno na wenzake walichambua Wadenishi 56,048 waliofuatiliwa kwa takribani miaka 23: vifo vilipungua kadiri ulaji ulivyopanda, hadi kama miligramu 500 kwa siku, kisha faida ikakoma kuongezeka. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wavutaji sigara na wanywaji, lakini mvutaji asijidanganye kwamba tufaha linafuta sigara.

Tafiti za kufuatilia zina udhaifu wake unaojulikana: anayekula matunda mengi mara nyingi pia hutembea, havuti, na ana kipato. Wakuna, watu wa asili wa visiwa vya San Blas, Panama, walitumika sana kama mfano. Norman Hollenberg aliona kwamba visiwani presha yao haipandi na umri, nao hunywa kakao nyingi. Waliohamia Panama City ilipanda. Lakini kati ya kisiwa na jiji vinabadilika vitu vingi mno, si kakao peke yake.

Ndiyo sababu ikafanyika COSMOS, Marekani: watu 21,442, nusu wakipewa dondoo ya kakao yenye miligramu 500 za flavanoli (flavonoidi za jamii ya katekini) kila siku, kwa takribani miaka 3.6. Kampuni ya chokoleti ya Mars ilichangia gharama. Matokeo ya 2022: matukio yote ya moyo na mishipa yakijumlishwa yalipungua kwa asilimia 10, kiasi ambacho kingeweza kuwa bahati tu. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, lakini hicho hakikuwa kipimo kikuu cha jaribio. Kwa maoni yangu hiyo ni dalili nzuri, ila haitoshi kumwandikia mtu dawa.

Kwa kipimo cha karibu zaidi na seli zenyewe, mambo ni mazuri. Mkono hufungwa mkanda kwa dakika tano kisha ukafunguliwa, na mashine ya picha za sauti hupima ateri inatanuka kiasi gani. Flavanoli za kakao huongeza kutanuka huko kiasi kwamba mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilikubali dai kwamba miligramu 200 kwa siku husaidia mishipa kutanuka kawaida. Kakao ya kawaida iliyotiwa alkali ili ipoteze ukali imepoteza pia sehemu kubwa ya flavanoli zake, na baa ya chokoleti ya maziwa haifiki popote.

Chai ya maziwa inaharibu faida?

Hapa ushahidi umegawanyika. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, waliwapa wanawake 16 chai nyeusi. Kavu ilitanua ateri ya mkono. Iliyotiwa maziwa haikutanua. Lakini utafiti wa Uholanzi wa 1998 ulikuta maziwa hayazuii katekini kuingia kwenye damu. Watu 16 ni wachache. Anayependa chai ya maziwa aendelee nayo, ila nafasi moja kwa siku aipe chai ya rangi, na apunguze sukari, kwa kuwa sukari ndiyo inayoichokoza endothelia bila ubishi wowote.

Kenya imetoa chai ya zambarau, TRFK 306, yenye anthosiani kwenye majani. Ni zao zuri na la kujivunia. Chai nyeusi ya Kericho au ya Mufindi nayo si ya kudharauliwa: wakati wa kuchachuka katekini zake nyingi hugeuka kuwa theaflavini na thearubigini, na chai ya kina Hertog ilikuwa nyeusi.

Choya inashusha presha?

Kidogo, ndiyo. Mwaka 2010 Diane McKay na wenzake, Marekani, waliwapa watu 65 wenye presha iliyopanda kiasi vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita. Presha ya juu ilishuka kwa 7.2, ilhali waliopewa kinywaji cha kufanana ilishuka kwa 1.3. Inatosha kuisaidia dawa. Haitoshi kuchukua nafasi yake kwa mtu mwenye 180 kwa 110. Juisi ya choya iliyokolea sukari hupoteza maana. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Kitunguu kiliwe kibichi?

Si lazima. Kwersetini inavumilia moto. Ukikikaanga inabaki nyingi. Ukikichemsha sehemu huhamia kwenye maji, hivyo kunywa mchuzi. Kinachopoteza zaidi ni kumenya ovyo, kwa sababu tabaka za nje ndizo zenye kwersetini nyingi. Menya ganda kavu tu na uishie hapo. Chungwa nalo, iwe la Muheza au la kwingine, kula na ule utando mweupe, ndiko hesperidini iliko. Juisi iliyochujwa ikawa maji matupu imeacha nyingi kwenye chujio.

Daflon niliyopewa kwa bawasiri ni flavonoidi?

Ndiyo, na watu wengi hushangaa. Kidonge cha miligramu 500 kina 450 za diosmini na 50 za flavonoidi nyingine zinazohesabiwa kama hesperidini, zikiwa zimesagwa laini sana ili zinyonywe. Hutumika kwa bawasiri na kwa vena za miguu zilizolegea. Moja ya kazi zake zinazoelezwa ni kupunguza seli nyeupe kunata kwenye endothelia, jambo lile lile tulilolizungumza. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta dawa za kundi hili zinapunguza kutokwa damu na kuwashwa kwa wenye bawasiri. Kwa maumivu ushahidi haukutosha. Angalia tofauti: kipimo kinajulikana, umbo limetengenezwa kwa makusudi, na ugonjwa umetajwa. Unga wa kwenye kopo lisilo na maelezo hauna hata kimoja.

Mama yangu ana presha na anatumia vidonge. Aache akitumia mimea hii?

Asiache hata siku moja bila daktari wake. Presha haimuumi, kwa hiyo hatajua imepanda mpaka kiharusi kimfike. Vitunguu, chai, mboga na machungwa ale pamoja na dawa zake.

Tahadhari ya kweli ni balungi. Mwaka 1991 David Bailey na wenzake, Kanada, walichapisha kwamba juisi yake inapandisha sana kiwango cha felodipini, dawa ya presha, kwenye damu, na cha mwenzake nifedipini pia. Inazima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa, na athari inaweza kudumu zaidi ya siku. Simvastatini ya kolesteroli nayo huathirika vibaya. Anayefanya hivyo hasa ni furanokumarini, si flavonoidi, na danzi pia linazo. Machungwa matamu ya kawaida hayana shida hiyo. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, kwa ajili ya vitamini K iliyomo.

Vidonge vya chai ya kijani ni salama?

Chai ya kikombe, ndiyo. Vidonge vya dondoo ni jambo jingine: mwaka 2018 EFSA ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi za katekini ya EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge huonyesha dalili za kuumiza ini. Mtu akiona macho ya njano au mkojo mweusi akiwa anavitumia, aviache na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mjamzito mwenye upungufu wa damu anywe chai?

Anywe, ila si pamoja na chakula. Katika utafiti wa Richard Hurrell wa 1999, chai nyeusi iliyonywewa na mlo ilipunguza unyonywaji wa madini ya chuma ya mimea kwa asilimia 79 hadi 94. Maharage, mchicha na vidonge vya chuma vipishane na chai kwa saa moja au mbili. Machungwa yanafaa mezani wakati huo, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kupima mmea wa kwetu kwenye seli za mishipa. Nizingatie nini?

Swali hili linanifurahisha kuliko yote, kwa sababu mimea yetu mingi haijapimwa vizuri. Usianze na dozi kubwa ili upate jibu zuri. Anza na maikromoli 1 au chini. Ukiweza kupata molekuli zilizobadilishwa na ini, pima hizo. Kumbuka flavonoidi huibadilisha zenyewe rangi ya MTT, inayotumika kupima kama seli ziko hai, bila seli kuhusika, hivyo weka visima visivyo na seli kama kidhibiti. Katekini kwenye maji ya kukuzia seli huzalisha haidrojeni peroksaidi. Usije ukaandika kuwa ni kazi ya mmea. Dondoo ghafi mara nyingi zina sumu za bakteria, nazo zinaamsha NF-κB kabla hujaongeza TNF-alfa yako, kwa hiyo zipime kwanza. Pima jeni, protini, na kunata kwa seli nyeupe, vyote vitatu.

Kibali cha kamba za kitovu uombe mapema, kwa kuwa huchukua muda: Tanzania anzia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa; Kenya kamati ya maadili ya taasisi yako. Na kabla ya kusaga chochote, kausha tawi lenye majani na ua, ulipeleke hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, wakulithibitishie jina na kulipa namba. Bila namba hiyo, atakayetaka kurudia kazi yako miaka ishirini ijayo hatajua ulisaga mmea gani.